Dona au sembe: tumbo linataka hili, mahindi yanasema lile

Kwenye mashine za Manzese swali ni moja: "Tukoboe au tusage hivyo hivyo?" Mama aliyenitangulia kwenye foleni, ndoo ya mahindi miguuni, alijibu bila kufikiri: koboa. Pumba zikatoka upande wa pili, zikaingia kwenye gunia la wafuga kuku. Kuku wa Dar wanakula sehemu ya hindi ambayo madaktari wanatuhimiza tuile sisi.

Hoja ya dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa (sembe ni wa yaliyokobolewa), ni nzito. Nyuzinyuzi nyingi, mafuta na vitamini za hindi ziko kwenye ganda na kiini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Hizo hushika maji, choo kikalainika, na bakteria wema wa utumbo mpana wakapata chakula. Mtu anakula sembe mchana, chipsi jioni, halafu anatafuta sanamaki Kariakoo "asafishe tumbo". Anatibu alichokikoboa mwenyewe.

Ila wanaoikimbia dona si wote wenye maringo ya mjini au kumbukumbu mbaya za ugali wa bweni. Mafuta ya kiini huchacha, na kwa joto letu dona ikikaa sana inaleta uchungu. Kubwa zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo, kwa kuwa hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, wakati moto wa kusongea ugali hauimalizi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara.

Ndiyo maana dona ya pakiti, ambayo sijui hindi lake lilikuwaje, huniingia kwa shida. Punje mbovu ikishasagwa haionekani tena. Yule mama angepitisha mahindi yake kwenye ungo kwanza, akatoa yenye ukungu, yaliyovunjika na yaliyotobolewa na wadudu, ningemwambia asikoboe. Kama hana muda huo, sembe yake haina kosa. Aongeze maharage, mchicha na maji ya kutosha.

(Choo chenye damu ni habari nyingine. Hicho hakisubiri unga wowote, ni cha hospitali.)

Anayehamia dona naye asiende kwa pupa, tumbo litajaa gesi. Nyumbani kwangu tunachanganya nusu kwa nusu, na watoto bado wanalalamika kwamba ugali ni mweusi.