Omba karatasi, usiombe maelezo

Boma la vyumba viwili vya madarasa hapa kwetu limesimama kwenye linta tangu binti yangu aanze darasa la kwanza. Sasa yuko la nne. Kila kaya ya kitongoji ilitakiwa kutoa shilingi 10,000. Wapo waliotoa kwa mkupuo, wapo waliotoa elfu mbili mbili kila siku ya gulio, na bibi mmoja jirani yangu alileta debe la mahindi liuzwe ili naye aandikwe. Matofali tulifyatua wenyewe. Mchanga akina mama waliubeba kwa ndoo kutoka korongoni, Jumamosi tatu mfululizo. Leo ndani ya boma lile magugu yanafika kiunoni.

Ukipita kijiweni, au msibani watu wakiwa wamekaa wanasubiri chakula, utasikia neno moja tu: hela zimeliwa. Nani kazila? Leo mwenyekiti aliyemaliza muda wake, kesho fundi, keshokutwa mwalimu mkuu. Nami nililisema neno hilo, tena mbele za watu, sijaona karatasi hata moja. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu mmoja wa niliowataja hakuwa hata mjumbe wa kamati ya ujenzi.

Haya nawaandikia wenzangu wa miji midogo ya Tanzania, na nina maana ya mji mdogo ule wa kisheria: Mamlaka ya Mji Mdogo iliyo chini ya Halmashauri ya Wilaya, yenye vitongoji ndani yake. Kijijini kuna mkutano mkuu wa kijiji unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe, na pale ndipo watu hudai kusomewa mapato na matumizi. Mijini kwenyewe kuna waandishi wa habari, mawakili na mashirika. Sisi tumekaa katikati. Mwenyekiti wa kitongoji tunasali naye, mtendaji tunaazimana naye jembe, na makao makuu ya halmashauri yako kilomita 40 kwa basi la alfajiri. Kumuuliza mtu hesabu hapa ni sawa na kumwita mwizi hadharani. Kwa hiyo hatuulizi, tunanong'ona, na mnong'ono hauna mtu wa kuujibu.

Mkutano wa hadhara uliitishwa mara mbili kuhusu boma. Mara zote mbili mtu alisimama akauliza, "Hela zetu ziko wapi?" na mara zote mbili alijibiwa. Ndiyo, alijibiwa! Aliambiwa vifaa vimepanda bei, mradi upo kwenye mchakato, wananchi wawe na subira. Hayo ni maelezo. Maelezo hayana tarehe wala sahihi, na mwezi ujao mtu mwingine anaweza kuja na mengine. Tangu hapo nimeamini kwamba kosa letu kubwa ni kuomba maelezo pale ambapo tungeomba karatasi.

Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa hasira. Kichwa chake kilikuwa "YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZOTE ZA MRADI WA SHULE". Nikaipeleka halmashauri, nikamwachia kijana niliyemkuta mlangoni, nikapanda basi kurudi. Baada ya mwezi na nusu nikaenda kufuatilia. Mama mmoja wa masjala akalifungua lile daftari kubwa la barua zinazoingia, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kurasa tatu nzima. Haikuwemo. Sina nakala, sina tarehe, na kijana niliyemwachia simjui hata jina.

"Shikamoo mama, sasa nifanyeje?"

"Marahaba mwanangu. Andika upya. Lete nakala mbili, moja tunabaki nayo, nyingine tunagonga muhuri unaondoka nayo. Halafu useme unataka karatasi gani. Ukisema taarifa zote, nani ataacha kazi zake akutafutie zote?"

Kwa maneno hayo machache yule mama alinifundisha zaidi ya yote niliyowahi kusikia semina. Akaniongezea jambo ambalo sikulijua: hesabu za michango yetu hazilali halmashauri. Zinalala kata, kwa mtendaji, maana ndiko kamati ya ujenzi ilikokuwa ikipeleka taarifa zake. Nilikuwa nimesafiri kilomita 40 kufuata jalada lililo dakika kumi kutoka nyumbani kwangu.

Barua ya pili nikaiandika hivi. Juu anwani yangu na namba ya simu, chini yake anwani ya Mtendaji wa Kata. Kichwa: "YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA NYARAKA TATU ZA UJENZI WA VYUMBA VIWILI VYA MADARASA". Kisha nikazitaja kwa majina yake: daftari la michango ya kaya, taarifa ya mapato na matumizi ya kamati ya ujenzi, na mihtasari ya vikao vya kamati hiyo, nikaweka kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Nikaeleza kwamba naomba kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, na kwamba gharama ya fotokopi nitalipa. Nikaambatanisha nakala ya kitambulisho cha taifa, kwa kuwa haki hii sheria imempa raia. Sikuandika neno "wizi". Sikuandika neno "ubadhirifu". Nusu ukurasa, basi.

Karani akaisoma mara mbili, akaniangalia. Akauliza swali ambalo nadhani kila Mtanzania aliyewahi kuomba karatasi ya serikali analijua: "Umetumwa na nani?"

Swali hili nalichukia kwa moyo wangu wote. Linamfanya mwenye nyumba aonekane mpita njia. Linasema kwamba mtu wa kawaida, aliyetoa elfu kumi yake na kufyatua matofali, hawezi kutaka kujua kwa akili yake mwenyewe. Lazima nyuma yake kuna chama, au mgombea, au mtu wa nje. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na masuala muhimu kwa jamii. Mtu mwenye haki hiyo hahitaji kutumwa. Nilimjibu kwa adabu, "Nimejituma, dada yangu, mtoto wangu anasoma pale," nikasubiri muhuri. Aliugonga. IMEPOKELEWA, na tarehe katikati kwa wino wa bluu. Karatasi ile nimeiweka kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa.

Muhuri ule ndio unaoanzisha hesabu ya siku. Sheria inaitaka ofisi yenye taarifa ikujibu kwa maandishi mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 30 tangu kupokea maombi: taarifa ipo au haipo, na kama ipo utapewa au la. Bila muhuri huna siku ya kwanza, na asiye na siku ya kwanza hana siku ya thelathini. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kuyaandika maombi hayo. Hili mwambieni bibi na babu zenu, maana wengi wanaamini mlango huo si wao.

Yapo mambo ambayo ofisi inaweza kukunyima: ya usalama wa taifa, faragha ya mtu, uchunguzi unaoendelea, siri za kibiashara. Sioni tatizo hapo. Majibu ya usaili wa jirani yangu au faili lake la hospitali hayanihusu. Lakini idadi ya mifuko ya saruji iliyonunuliwa kwa michango ya kitongoji si siri ya mtu yeyote duniani.

Siku ya 26 nikapigiwa simu. Nilikuta karatasi mbili kati ya tatu. Mihtasari "inatafutwa". Fotokopi nililipa, nikakaa kwenye benchi la nje, nikaanza kusoma.

Zilizokusanywa: shilingi 1,640,000. Katika kaya 212, nyingi zilikuwa zimemaliza, nyingine nusu, nyingine hazikutoa kitu, na katika hizo ambazo hazikutoa kitu yumo jamaa mmoja anayepiga kelele kuliko wote kijiweni. Saruji mifuko 45, 765,000. Nondo 240,000. Fundi 310,000. Mchanga lori nne, 280,000. Salio 45,000. Nilizijumlisha kwa simu mara tatu. Zilikubali.

Nilikaa pale muda mrefu. Miaka mitatu tumekuwa tukisema mamilioni yameliwa, na kumbe mamilioni hayo hayakuwahi kuwepo. Hela ile haikuweza kamwe kufika kwenye bati. Utaratibu wetu ni kwamba wananchi wananyanyua boma, serikali inamalizia, na sehemu yetu ilikuwa imeishia pale pale ilipopaswa kuishia. Swali la kweli lilikuwa halmashauri: je, boma letu limo kwenye bajeti ya ukamilishaji, na kama limo, la mwaka gani? Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza, kwa sababu sote tulikuwa tunamwangalia mwenyekiti.

Ila mstari mmoja haukunipa usingizi. Mchanga lori nne. Mchanga upi? Mama yangu mwenyewe alibeba ndoo. Huenda yalikuja malori baada ya ule wetu kuisha, sikuwa nashinda pale kila siku. Huenda hayakuja. Simtuhumu mtu. Safari hii nimeandika barua ya karatasi moja tu: hati ya malipo ya mchanga pamoja na stakabadhi ya aliyelipwa.

Nieleze pia ninachoona ni udhaifu wa sheria yetu, kwa kuwa naipenda na nataka ifanye kazi. Ukinyimwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi hiyo hiyo. Usiporidhika unakwenda kwa Waziri, na uamuzi wa Waziri ni wa mwisho. Mtu wa kitongoji amfikie Waziri kwa ajili ya lori nne za mchanga? Wenzetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka huo huo wa 2016, na kwao ofisi inapewa siku 21 za kujibu, na taarifa inayogusa uhai au uhuru wa mtu inatakiwa ndani ya saa 48. Ukikataliwa unakwenda kwenye Tume ya Haki ya Utawala, isiyo ofisi iliyokunyima. Sheria yao imetamka wazi kwamba maombi yaandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na kwamba sababu unazozitoa za kutaka taarifa haziathiri haki yako. Yaani lile swali la "umetumwa na nani" wamelifungia mlango kwa kifungu. Natamani Bunge letu lifanye hivyo, na litupatie chombo cha rufaa kinachofikika walau mkoani.

Kingine kinachonitia wasiwasi: sheria yetu inafanya kuwa kosa kupotosha taarifa uliyopewa na ofisi. Kwa nia yake sina ugomvi. Lakini mtu akitishwa nayo ataogopa hata kuibandika karatasi aliyopewa. Mimi nilichofanya ni kutoongeza neno. Nilitoa fotokopi kama ilivyo, bila mshale wala duara, nikabandika moja kwenye ubao wa matangazo wa kitongoji na moja kwenye mlango wa mashine ya kusaga, ambako watu husimama muda mrefu zaidi.

Zipo pia karatasi zisizohitaji barua. Taarifa ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya ukaguzi wa serikali za mitaa huwekwa hadharani kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni mwezi Aprili, na unaweza kuisoma kwa simu. Kikao cha baraza la madiwani kiko wazi, kaa kimya nyuma usikilize. Nilikwenda kimoja. Tulikuwa wananchi wawili, na mwenzangu alikuwa anamsubiri mtu.

Yule bibi wa debe la mahindi alinikuta nikibandika. Hasomi. Akaniomba nimtafutie jina lake kwenye daftari la michango. Lilikuwa ukurasa wa pili, mstari wa kumi na kitu, mbele yake imeandikwa "mahindi debe 1" na kiasi kilichopatikana. Akaligusa kwa kidole, akauliza kama kweli hilo ni lake. Nikamwambia ndilo. Akasema basi atarudi na mjukuu wake alisome.

Barua ya mchanga ilipokelewa Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo ni siku ya tisa.