Mzee hakuitikia shikamoo

Jumapili, sebuleni kwa mama mdogo, Sinza. Binamu yangu alikuja na miwani ya uhalisia pepe, ile inayokuonyesha dunia ya kompyuta kana kwamba umo ndani yake, akamvisha mama yake na kumsimamisha juu ya ubao uliochomoza kutoka ghorofa refu. Chini ya miguu lilikuwa zulia, juu feni inazunguka, jikoni mchuzi unanukia. Bado aligoma kupiga hatua. Vidole vya miguu vilijikunja kung'ang'ania zulia, mkono ukapapasa kutafuta kiti. "Najua nipo nyumbani," alisema, "ila miguu haitaki kusikia."

Hiyo ndiyo hisia ya uwepo: kujiona upo mahali ambapo unajua haupo. Akili haijadanganyika, mwili ndio unaokataa. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichapisha majaribio ya chumba cha kubuni, kilichochorwa kwa kompyuta, chenye shimo la kina cha mita 6 hivi. Watu walipofika ukingoni mapigo ya moyo yalipanda, na yalipanda zaidi walipowekewa ubao wa kweli miguuni, wenye unene wa sentimita 4 tu.

Ikaja zamu yangu. Nilijikuta sokoni, na kwenye benchi ameketi mzee wa kanzu na kofia. "Shikamoo mzee." Ilinitoka yenyewe, maana kwa sekunde ile nilikuwa pale kweli. Mzee akaendelea kutazama mbele. Papo hapo nikausikia uzito wa miwani, jasho kwenye paji la uso, televisheni ya watoto chumba cha pili. Soko likafa.

Mwaka 2009 mtafiti Mel Slater alitenganisha mambo mawili: kujiona upo mahali, na kuona kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. La kwanza linahitaji picha ifuate kichwa bila kuchelewa. La pili linahitaji, pamoja na mengine, dunia ile ikujibu. Miaka 3 kabla, yeye na wenzake waliwataka watu wampige shoti za umeme mwanamke wa kompyuta, ambaye hata sura yake haikuwa ya kushawishi. Walijua hayupo. Lakini aliyemwona na kumsikia akilalamika, mwili wake ulionyesha msongo.

Kwetu hili la pili ndilo zito, naliamini kwa moyo wote. Tukikutana tunaulizana "Upo?" na mtu anajibu "Nipo." Hodi isiyopata karibu inakuacha mlangoni. Kwa hiyo kijana anayetaka kuiingiza Kariakoo kwenye miwani, namsihi asimalizie nguvu zote kwenye kuta na mabango. Ukuta ubaki mtupu, lakini muuza machungwa ageuze shingo nikikaribia, aseme "karibu dada," na nikiondoka ashushe bei.

Nilimweleza binamu, maana yeye ndiye anayejifunza kazi hii. Jumamosi tunakwenda Mbagala kumrekodi babu akisema marahaba: ya mtoto, ya mtu mzima, na ya mgeni asiyemfahamu, kwa sababu hazifanani.