Kisu cha Safari Hakina Haja ya Kutisha Watu

Kila kaskazi ikianza kuvuma, Lamu hupokea kundi la vijana wa kutembea kwa miguu. Hawa si wale wageni wa kulala Shela na kupiga picha mashuani jua likizama. Hushuka gatini na mahema, mabegi ya mgongoni na viatu vizito, wakitaka kufuata pwani ya Shela mpaka Kipungani, au kuvuka kisiwa cha Pate kwa miguu tangu Mtangawanda hadi Faza. Nawapenda, na mara nyingine huandamana nao. Ila nina ugomvi nao mmoja, nao ni visu wanavyovifunga kiunoni.

Visu vyenyewe si vya mchezo. Bapa lina urefu wa mkono wa mtoto, mgongo wake una meno kama ya msumeno, na mpini una shimo la kuwekea viberiti. Vingi vimeagizwa mtandaoni na havijawahi kukata hata kitunguu. Mimi nasema kwa safari za huku kwetu, kisu ambacho bapa lake halizidi urefu wa kiganja chako kinakutosha, mradi kiwe kikali. Kinachozidi hapo ni mzigo, na mara nyingine ni balaa.

Tuanze na kazi yenyewe. Ukitembea kutwa nzima kisiwani, kisu unakitumia kwa nini? Asubuhi unakata mkate na kupasua ndimu. Njiani unamenya embe, unakata plasta ya kubandika kwenye lengelenge, unakata kamba ya hema iliyojifunga fundo lisilofunguka. Jioni kuna samaki. Hizo zote ni kazi za bapa jembamba. Kisu kinene kikipita kwenye nyanya hakikati, kinaipasua, kwa sababu unene wa bapa unasukuma nyama pembeni kabla makali hayajafika chini.

Samaki ndiye mtihani hasa. Chukua changu wa kawaida, wa kutosha mtu mmoja. Unampaa magamba kwa mgongo wa kisu, kutoka mkiani kwenda kichwani, na mgongo wenye meno ya msumeno hapo utamchana ngozi yote. Kisha unatia ncha kwenye tundu la nyuma, makali yakitazama juu, unapasua tumbo kuelekea kwenye matamvua. Ncha iingie kidogo tu. Ikizama sana unatoboa nyongo, na samaki mwenye nyongo iliyopasuka humwoshi ukamaliza uchungu hata ukimtia ndimu za shamba zima. Baada ya hapo unavuta matumbo, unakata matamvua, unamsuuza, unamtia chanjo mbili tatu ubavuni ili chumvi iingie. Mvuvi wa Kizingitini anaifanya kazi hii huku akizungumza na mtu wa pili wala hatazami mikono yake. Kisu chake ni cha sokoni, mpini wa mti, bapa limeliwa na tupa mpaka limebaki nusu.

Dafu ni jambo jingine. Kila mgeni akiona mnazi anataka kupasua dafu kwa kisu chake mwenyewe. Tafadhali usijaribu. Dafu hufunguliwa kwa panga, na mwenye kulishika kiganjani huku akilikata ameanza utotoni. Kisu cha kukunja kikiteleza kwenye kumbi hukimbilia vidole vyako. Mlipe mwenye shamba, akufungulie, unywe, umshukuru, uende zako.

Wenye visu vikubwa hujitetea kwa kuni. Wanasema bapa nene linagongwa kwa gogo, linapasua kuni zilizolowa nje ili ufikie ukavu wa ndani. Ni kweli, na katika misitu ya Uswidi au Kanada, penye mvua na theluji, mtu anaweza kuhitaji hivyo. Huku kwetu mnazi umekwisha kukufanyia kazi hiyo. Makuti makavu ya kuwashia yamejaa chini, makumbi yapo, na vifuu vikishika moto hutoa joto la kuchemsha sufuria upesi. Havihitaji kupasuliwa na chochote. Na ukisikia hamu ya kukata mkoko ili ujaribu makali yako, basi jua unaingilia riziki ya watu. Wakataji wa boriti wa Lamu hufanya kazi kwa leseni, na marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa mwaka 2018 iliwafunga mikono na wao pamoja na wengine. Mtu aliyesimamishwa kazi ili mikoko ipone hatakuelewa ukiikata kwa starehe.

Halafu kuna hoja ya usalama, na hii ndiyo inayonichosha. “Je, nikikutana na nyoka?” Ukikutana na nyoka, unarudi nyuma. Kifutu hulala njiani jioni na hakimbii, kwa hiyo unachohitaji ni tochi na fimbo ya kugonga chini mbele yako. Kumwinamia nyoka na kisu ni kumpelekea mkono. Na mwizi? Ukitoa kisu mbele ya mwizi, umegeuza kesi ya simu kuwa kesi ya damu, na huna hakika damu itakuwa ya nani.

Wengine hunitajia Aron Ralston, yule Mmarekani aliyebanwa mkono na jiwe katika korongo la Bluejohn huko Utah mwaka 2003, akaukata mwenyewe ili aokoke. Kisa chake kinatajwa kila penye mazungumzo ya visu. Lakini alichotumia kilikuwa kisu kidogo butu kilichomo ndani ya kifaa cha koleo, tena cha bei rahisi. Na kilichomfikisha pale hakikuwa udogo wa kisu. Alikwenda peke yake bila kumwambia mtu anakokwenda. Kabla hujanunua bapa refu, mwambie mwenye nyumba unayolala unapita njia gani na utarudi lini.

Kuna na adabu. Kisiwa cha Pate kina miji, hakina “pori” unalodhani. Ukitoka Mtangawanda unaingia mji wa Pate, ambako watu wanalima tumbaku katikati ya magofu ya Wanabahani, watawala wa zamani wa Pate. Ukitoka hapo unaingia Siyu, halafu Faza. Unapita mbele ya baraza walikoketi wazee, unapita kisimani, unapita watoto wakitoka chuo cha Kurani. Ukipita na kisu kiunoni kama unakwenda vitani, watu wataitikia salamu yako, lakini wataulizana wewe ni nani.

Tena unajishaua kwa visu mahali ambapo wenyewe ni mabingwa! Siyu zamani ilisifika pwani nzima kwa mafundi wake: wafua visu, majambia na panga za vita, washona ngozi, na waandishi walionakili Misahafu kwa mkono. Ngome yao ya karne ya 19 bado imesimama. Watu hao walivaa silaha, na mpaka leo bwana harusi wa Lamu huvaa joho na jambia. Lakini jambia hilo ni vazi la heshima, limo ndani ya ala, na hakuna anayelichomoa kukatia mkate.

Nahodha mmoja mtu mzima niliyesafiri naye aliliweka vizuri kuliko mimi. Kijana alipanda mashua na kisu chake kikining’inia. Mzee akakitazama, akasema, “Mwanangu, hicho ni cha kuchinjia ng’ombe?”

“La, mzee, ni cha safari.”

“Haya, kitie begini. Tanga likigeuzwa tunaangukiana humu.”

Na alikuwa na haki. Kwenye mashua kila mtu anainama, anavuta kamba, anakalia mwenzake. Kisu kikae ndani ya ala yake, ala ndani ya begi, na begi mahali unapolifikia.

Kwa wanaokuja kwa basi, kuna kizuizi cha barabarani. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, njia ya kutoka Garsen kupitia Witu hadi Mokowe ina ukaguzi, na unatakiwa kuwa na kitambulisho. Askari akifungua begi akakuta kisu kidogo kati ya sufuria, kijiko na mfuko wa chumvi, anaona mpishi. Akikuta bapa la mapigano limefungwa pajani chini ya suruali, anaona kitu kingine, nawe utaeleza mpaka basi zima likuchoke.

Sasa ununue kipi? Mimi sina dini ya jina la kampuni. Opinel vya Ufaransa, vilivyoanza kutengenezwa mwaka 1890, ni vyepesi na bapa lake ni jembamba. Tangu mwaka 1955 vina pete ya chuma unayoizungusha ili bapa lisijikunje. Hilo la kufunga ni muhimu, maana kisu cha kukunja kisichofunga kikigeuka wakati wa kazi kinafungia vidole vyako. Mpini wake wa mti lakini huvimba ukinywa maji, na kisu kikakataa kufunguka, jambo la kukumbuka kwa mtu wa mashuani. Victorinox vidogo vya Uswisi vinapendwa, nami nakiri kwamba mkasi wake hutumika kuliko bapa. Ukipenda kisu kisichokunjwa, kile cha jikoni cha kumenyea matunda, ukikitengenezea ala ya kadibodi na utepe, kitakufikisha Faza na kukurudisha.

Adui wa visu hivi vyote huku ni chumvi. Chuma cha kaboni hunoleka kirahisi na kushika makali, lakini kiache usiku mmoja kwenye unyevu wa pwani, asubuhi kina madoa mekundu. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu ya kutosha, kiasi cha asilimia 10.5 au zaidi, inayotengeneza utando mwembamba juu yake. Hata hicho, hewa ya bahari haikihurumii milele, hasa kwenye kiungo cha kukunjia ambako mchanga na chumvi hujificha. Ukimaliza samaki, kisuuze kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kifute kikauke kabisa, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya nazi. Na usikilaze ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa chumvi na kuishikilia.

Kunoa pia ni kazi ambayo watu wengi hawajafundishwa, kwa hiyo hununua kisu kikubwa zaidi ili nguvu ishike nafasi ya makali. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma, na kitu kinachosukumwa hakijui kusimama. Dini yetu imetuamrisha kunoa kisu kabla ya kuchinja ili mnyama asiteseke. Basi na vidole vyetu vistahiki huruma hiyo. Kama huna kinoo, geuza kikombe cha kauri juu chini. Ule ukingo wa chini usiopakwa rangi ya kung’aa, unaokwaruza ukiupitisha kidole, unatosha kufufua makali. Kilaze kisu kwa mlalo wa nyuzi 20 hivi, kivute kama unataka kumenya ganda jembamba juu ya kauri, upande huu halafu upande ule, bila kukandamiza. Kijaribu kwenye nyanya. Kikiingia ngozi ya nyanya kwa uzito wake mwenyewe, acha.

Namna ya kukitumia nitaisema kwa kifupi. Kata kwa kusukuma mbali na mwili. Usichonge kijiti ukiwa umekiweka juu ya paja, kwani ndani ya paja umo mshipa mkubwa wa damu. Ukimpa mwenzako kisu, mpe mpini. Mkikatana, bana jeraha kwa kitambaa safi na usiachie kila dakika kutazama kama damu imekoma. Kumbuka pia kwamba ukiwa Siyu, hospitali ya Lamu si ya kukimbilia kwa bodaboda. Ni safari ya boti, na boti hungoja maji, maana Mkanda, ule mfereji kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakipwa.

Wanaorudi kwa ndege kutoka Manda wakumbuke jambo moja zaidi. Kisu hakiingii na mkoba wa mkononi, ni lazima kiwe kwenye begi linalopakiwa chini. Kama huna begi la namna hiyo, usikibebe mpaka ukanyang’anywe mlangoni. Mwachie mpishi wa mashua, nawe ukija kaskazi ijayo utanunua kingine pale sokoni kwenye ngome ya Lamu.