Lozi Lililoniozesha Mbele ya Mama Mkwe

Mama mkwe alitua Göteborg, Uswidi, mwanzoni mwa Desemba, na jambo la kwanza lililomvuruga ni jua. Saa tisa na nusu za mchana limeshazama! "Yaani nasali Alasiri, sijakunja hata msala, Magharibi hiyo?" Waswidi wenyewe mwezi huo hupambana na giza kwa mishumaa na kula. Kwa hiyo chama cha utamaduni cha mtaani kwetu kilipotualika kwenye karamu ya tarehe 13, siku ya Mtakatifu Lucia, nikasema mama wa Tanga hawezi kushinda ndani anatazama theluji.

Walianza watoto. Wakaingia kwa mstari wakiimba, wamevaa kanzu nyeupe, na binti wa mbele ana taji la mishumaa kichwani.

"Huyo mtoto hana wazazi?" mama akaninong'oneza.

"Ya betri hiyo, mama."

Ikaja mikate ya manjano iliyokunjwa kwa umbo la S, zabibu kavu kila upande. Mama akanusa, macho yakamtoka. Zafarani! Sisi tunatia nyuzi mbili tatu kwenye biriani huku roho inatuuma, wenzetu wanaikandia unga. Kwenye meza kuu nyama ya nguruwe tuliipita mbali, tukaenda kwa samaki: sill wa siki na vitunguu, sill wa haradali, wote wana sukari. Mama alimtafuna mmoja, akanyamaza kidogo. "Baba, huyu ni samaki au kashata?"

Hatimaye uji. Mchele mweupe uliochemshwa polepole ndani ya maziwa mpaka ukashikana, juu mdalasini na sukari. Mama akafurahi, akalalamikia iliki tu. Desturi ya uji huu ni kwamba kila mtu husema shairi dogo lenye vina, na hilo nilikuwa nalijua. Kwamba ndani ya sufuria hufichwa lozi moja, lililomenywa, na atakayelipata ataoa au kuolewa ndani ya mwaka unaofuata, hilo mke wangu alilijua akakaa kimya. Mpaka leo hajanipa sababu ya kuniridhisha.

Mzee wa kulia kwangu alikuwa ananisimulia habari za tomte, kizee kifupi kinacholinda shamba, ambacho zamani kiliwekewa bakuli la uji usiku wa Krismasi na siagi juu yake. Mwaka mmoja siagi ikawekwa chini ya uji. Tomte hakuiona, akapandwa na hasira, akamuua ng'ombe wa watu, kisha akarudi kumalizia uji akaikuta siagi imetulia chini. Hapo ndipo nikauma kitu kigumu. Sasa, mtu aliyekulia kwenye mchele wa kuchambua akiuma kitu kigumu anajua ni jiwe. Nikalitoa kistaarabu, nikaliweka ukingoni mwa sahani.

Mzee akaliona. "Mandel!" yaani lozi. Ukumbi mzima ukapiga makofi, mwenyekiti akanishika mkono akanipandisha juu kama bondia, akatangaza. Mama haelewi Kiswidi. Ila binti yangu, mwenye miaka minane, anakielewa vizuri mno.

"Bibi, wanasema baba ataoa mwakani."

Kijiko cha mama kikasimama hewani. "Ataoa nani?"

Watu wakataka kujua bibi kasemaje. Mtoto akatafsiri. Ukumbi ukaangua kicheko, na ajuza mmoja mwenye sweta jekundu, hapungui miaka themanini, akanyoosha mkono.

"Bibi, yule wa sweta jekundu anasema yuko tayari."

Nikamgeukia mke wangu aniokoe. Ameinama, ameziba mdomo na mtandio, mabega yanatikisika. Mwenyekiti naye, apoze mambo, akagonga glasi: zamu ya mashairi, na aanze mgeni wetu kutoka Afrika!

Mama alipotafsiriwa hivyo hakuhitaji kubembelezwa. Akasimama, akajifunga kanga kiunoni juu ya koti la baridi, akamkazia macho ajuza:

"Mkeka una mwenyewe, mgeni usitandike,
Na sweta lako jekundu, nyumbani ulianike!"

Akamalizia kwa kuzungusha mkono na kubinua mdomo, taarabu tupu. Waswidi hawakuambulia neno ila vina walivisikia, wakainuka wakashangilia. Wanaomba tafsiri. Binti yangu akamtazama bibi, akamtazama ajuza, akanitazama mimi ninayetokwa na jasho Desemba.

"Bibi amesema uji ni mtamu, na sweta lako zuri."

Ajuza akaja mbio, akamkumbatia mama mpaka mtandio ukapinda. Kisha akatoa kalamu na kadi kwenye mkoba wake: anayataka maneno yale, kwa Kiswahili hichohicho, akawasomee wajukuu zake usiku wa tarehe 24. Kalamu akanikabidhi mimi. Mama akasimama nyuma ya bega langu kuhakikisha siruki hata herufi.