Alama za usalama kwenye noti: ipi iwe siri, ipi iwekwe wazi?

Watafiti wa sheria ya makosa ya kiuchumi na watafiti wa mada zinazochezea mwanga hukutana kwenye kitu kimoja: noti iliyopelekwa mahakamani kama kielelezo. Mwanasheria anataka kujua kama mshtakiwa alifahamu kuwa ni bandia. Mwanafizikia anataka kujua wino wake unarudisha mwanga wa aina gani. Ubishi unaowagawa ni wa siku nyingi: ni kiasi gani cha sayansi ya alama za usalama kichapishwe? Kambi ya siri ina hoja, na ya uwazi pia. Tatizo ni kwamba zote mbili huweka kapu moja alama ambazo mbele ya hakimu hazifanyi kazi ileile.

Chukua wino unaogeuka rangi noti inapoinamishwa, kama ule wa dola 100 ya Marekani ya toleo la 1996, uliotoka kijani kwenda nyeusi. Wino wa aina hiyo hubeba vipande vidogo mno vyenye tabaka: alumini katikati, magnesiamu floraidi kila upande wake, kisha kromiamu nyembamba inayopitisha sehemu ya mwanga. Mwanga uliorudi kutoka juu na uliorudi kutoka kwenye alumini huongezana nguvu au huuana, kutegemea unene wa magnesiamu floraidi. Hesabu yake ni ya darasani: mara mbili ya unene, zidisha kwa kiwango cha upindaji mwanga ambacho hapa ni 1.38, zidisha kwa kosaini ya pembe ya mwanga ndani ya tabaka. Jibu ni kilele, yaani urefu wa wimbi la mwanga unaorudi kwa nguvu zaidi. Unene ukiwa nanomita 200 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) na ukatazama wima, kilele kinaangukia nanomita 552, yaani kijani. Tazama kwa pembe ya digrii 45, kinashuka hadi karibu 474, yaani buluu. Metali zenyewe husogeza tarakimu hizi kidogo, lakini noti ikiinamishwa, kilele siku zote huelekea upande wa buluu.

Sasa kosea unene kwa nanomita 10 tu. Kilele kinahama kwa karibu nanomita 28, na jicho lililozoea noti halali linashtuka. Kwa hiyo anayeijua fomula bado hana kitu mkononi. Anahitaji mtambo wa kupaka metali ndani ya ombwe, na uwezo wa kushikilia unene huo huo juu ya eneo kubwa, saa baada ya saa. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883, kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi, kwamba mfumo uendelee kuwa salama hata adui akiujua. Wino huu unatimiza sharti hilo vizuri kuliko mifumo mingi ya kompyuta.

Kwenye alama zisizoonekana, kambi ya siri inapata nguvu. Chembe za europiamu, elementi ya metali, zinazotoa mwanga mwekundu wa karibu nanomita 612 zikimulikwa kwa urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho) zimetumika miaka mingi kwenye taa na skrini za televisheni, hivyo kizuizi cha mtambo hakipo. Mwaka 2002, noti za euro zilipoanza tu kutumika, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Utrecht walipima mng'ao wake mwekundu na kueleza kuwa unaelekea kuwa wa europiamu. Wapo walioona hilo ni kumpa mghushi ramani. Hofu hiyo naiona imezidi kipimo. Jina la elementi halisemi iko ndani ya fuwele gani, na fuwele ndiyo inayoamua umbo la spektra, yaani mgawanyo wa nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi: pale ambapo mazingira ya ioni yana ulinganifu wa kati, mstari wa karibu nanomita 590 huwa mkubwa, usipokuwepo, ule wa 612 hutawala. Taa ya mkononi haioni tofauti hiyo. Spektromita, kifaa cha kupima spektra, inaiona.

Sheria inaleta jambo ambalo maabara hulisahau. Kipimo cha mwanga kinathibitisha kuwa noti ni bandia. Hakithibitishi kuwa aliyeitoa alijua. Katika kesi za kusambaza noti bandia, upande wa mashtaka kwa kawaida hubanwa hapo hapo, kwenye ufahamu na nia. Alama ya siri haisaidii lolote, maana hakuna awezaye kulaumiwa kwa kutoona kitu ambacho umma haukuambiwa. Alama ya wazi inaweza kusaidia: ikiwa mamlaka imetangaza kwa miaka kwamba namba fulani hugeuka rangi, na mshtakiwa ni mtu anayeshika fedha kila siku, kutokugeuka kwa rangi kwenye noti 40 alizobeba ni ushahidi wa mazingira unaostahili kupimwa pamoja na mengine. Alama ya siri ina kazi nyingine, ya kuunganisha noti zilizokamatwa sehemu mbalimbali na karakana moja. Hiyo ni kazi ya upelelezi, na huko ndiko nafasi yake halali.

Shida inaanza siri hiyo ikiingia kizimbani. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Daubert ya 1993, iliwataka majaji waangalie kama mbinu ya mtaalamu inaweza kujaribiwa, imepitiwa na wenzake, kiwango chake cha makosa kinajulikana, na inakubalika katika fani. Kipimo cha siri kinayumba karibu kila mahali. Na kiwango cha makosa si urembo wa ripoti. Chukulia mashine inayokataa kimakosa noti halali 1 katika kila 1,000, na noti milioni moja zinapita, bandia zikiwa 100. Hata ikizinasa bandia zote, itakataa na halali zipatazo 1,000. Noti iliyokataliwa ina nafasi 1 kati ya 11 tu ya kuwa bandia. Shahidi anayesema mashine ina usahihi wa asilimia 99.9 hajadanganya, lakini amempotosha hakimu.

Mfano ulio karibu zaidi wa noti halali kukataliwa kimakosa ni noti iliyosahaulika mfukoni nguo zikafuliwa. Karatasi ya noti hutengenezwa isiwe na viangazio, vile vinavyofanya karatasi ya ofisini ing'ae buluu chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Sabuni nyingi za unga zina viangazio hivyo hivyo, na noti halali ikishafuliwa nayo hung'aa buluu. Njia ya kuitofautisha ipo: mulika kwa mpigo mfupi, zima, subiri sehemu ya kumi ya milisekunde, ndipo upime. Mng'ao wa viangazio hufa ndani ya nanosekunde chache; wa europiamu hudumu kwa kiwango cha milisekunde. Mtaalamu aliyetumia taa ya kawaida na macho peke yake asiruhusiwe kusema zaidi ya "inatia shaka".

Kwa kipimo cha alama ya siri, suluhisho ninaloliona la haki ni mahakama kusikiliza sehemu hiyo ya ushahidi faraghani, mtaalamu wa utetezi akila kiapo cha kutunza siri, kisha apewe data ghafi, pembe ya upimaji, aina ya taa na noti halali za kulinganisha zenye umri na uchakavu unaokaribiana. Linaongeza gharama na kuchelewesha kesi. Mamlaka isipokuwa tayari kwa hilo, kipimo kisiletwe kabisa.

Kuna na hatari inayomgeukia mtafiti mwenyewe. Mkataba wa Geneva wa 1929 dhidi ya kughushi fedha unataja kosa la kutengeneza au kupokea vifaa vilivyokusudiwa hasa kughushi. Direktivu (sheria elekezi kwa nchi wanachama) ya Umoja wa Ulaya ya 2014/62 inataja waziwazi hologramu na sehemu nyingine za ulinzi wa fedha. Neno linalomwokoa mwanasayansi humo ni sharti la udanganyifu, na rangi zinazogeuka zenyewe huuzwa kihalali kwa ajili ya magari na vipodozi. Hata hivyo, anayetengeneza sampuli inayofanana na alama ya noti iliyo kwenye mzunguko afanye yafuatayo kabla ya kuwasha mtambo: apate ridhaa ya maandishi ya mamlaka inayotoa noti, achague mchoro na ukubwa usiofanana na alama halisi, aandike kila sampuli kwa namba na kiasi, na aweke kumbukumbu ya uteketezaji yenye saini ya mtu wa pili.