Mgonjwa Asiye na Mtu

Sahani ililetwa saa saba kasorobo. Ugali, kabeji, na maharagwe machache yanayoogelea kwenye mchuzi. Mhudumu aliiweka juu ya kabati la kando ya kitanda, akasukuma toroli lake mbele. Ilipokaribia saa nane akarudi, akaichukua vilevile alivyoileta, akaimwaga kwenye ndoo. Nyanya aliyelala pale alikuwa amefungwa plasta mikono yote miwili, kuanzia vidoleni hadi juu ya viwiko. Muda wote huo alikuwa akiitazama ile sahani. Hakusema kitu.

Mimi nilikuwa kitanda cha pili, namlisha shangazi yangu. Niliona yote, na siku hiyo ya kwanza sikufanya lolote. Nalisema hili mapema ili msije mkanidhania mwema kuliko nilivyo.

Shangazi aliteleza bafuni kwake Kayole akavunjika nyonga. Tulimpeleka katika hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Jina naliacha, kwa sababu si hospitali moja tu, na anayeishi jiji hili anaweza kulijaza pengo mwenyewe. Alilazwa siku 19, na mimi kwa siku hizo 19 nikafanya kazi ambayo sikuisomea.

Siku ya kwanza nilipewa kipande cha karatasi: glavu boksi moja, pamba, kanula, dripu mbili, dawa ya maumivu. "Vuka barabara, kemisti ziko hapo." Na kweli ziko, zimebanana kama vibanda vya viazi karai. Muuzaji hakuisoma karatasi yangu, alinisoma uso. "Nyonga ama mguu?" akauliza, mkono wake tayari uko kwenye rafu.

Siku ya pili nikakabidhiwa damu. Mashine ya maabara imeharibika, peleka hii maabara ya nje, rudi na majibu kabla daktari hajaondoka. Basi nikatembea na damu ya shangazi ngumini, ndani ya kichupa kilichokuwa bado na joto la mwili wake, huku nikikwepa mikokoteni na makanga wanaoita watu wa Umoja. Siku ya tatu nikasukuma kitanda hadi eksirei, nikisaidiana na kijana aliyekuja kumwona mamake. Gurudumu moja lilikuwa limekwama, kitanda kinavuta kushoto, tukawa tunakwenda upande kama kaa. Baada ya hapo niliacha kuhesabu. Kumwosha mgonjwa. Kumgeuza asipate vidonda vya kulalia. Kumwekea beseni na kulimwaga. Kumkimbilia sista dripu ikiisha na damu ikianza kurudi nyuma kwenye mpira.

Ya bima nitayapitia haraka maana yananipandisha shinikizo la damu. Shangazi anauza sukumawiki. Tangu bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 1, 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, lakini mtu kama shangazi huulizwa maswali kuhusu nyumba na mifugo, kisha huambiwa alipe mwaka mzima kwa mpigo. Mwaka mzima! Mtu anayenunua mafuta ya kupikia kwa kupimiwa. Kwa hiyo tulimsajili akiwa amelala na mguu umevutwa kwa uzani, kikundi cha michango cha WhatsApp kikalia mpaka usiku, na bado chuma cha nyonga tukaelekezwa tukakinunue nje.

Lakini bima si hoja yangu leo. Watu wengi wanaolalamika kuhusu hospitali zetu husema dawa hakuna, madaktari hawatoshi, foleni ni ndefu. Ni kweli. Mimi nasema kuna jambo lililojificha chini ya hayo yote, nalo halionekani kwa sababu sisi wenyewe ndio tunaolifunika. Nusu ya uuguzi katika wodi zile hufanywa na jamaa. Si kwa ihsani, si kama nyongeza. Wodi isingesimama bila sisi. Na kama ni hivyo, basi mgonjwa asiye na mtu anapata nusu ya matibabu, na hiyo nusu inayokosekana haiandikwi popote. Nina hakika faili ya nyanya ilisema amepewa chakula. Alipewa, ndiyo.

Siku iliyofuata niligeuza kiti nikamlisha. Alikula vijiko vitatu akasema, "Nishashiba, mwanangu." Uongo mtupu. Hakutaka kunichosha. Nilipomwambia kwamba shangazi analala kidogo baada ya kula na sina haraka, alimaliza sahani nzima na chai juu. Kidogo kidogo nikapata habari zake. Aligongwa na bodaboda karibu na Donholm, wasamaria wema wakamleta, mkoba na simu vikabaki barabarani au mikononi mwa mtu. Ana kijana wake anayefanya kazi ya ujenzi, hajui ni mtaa gani siku hizi. Namba je? "Namba ziko kwa simu." Nami nikajiuliza ni namba ngapi ninazozijua kwa kichwa. Yangu, na ya mume wangu, tena hiyo ya pili si kwa hakika.

Visa vya namna hii si vigeni. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta imewahi kutoa matangazo ya kuwatafuta jamaa za wagonjwa waliokwishapona ambao hawana wa kuwachukua. Mtu amepona, kitanda kinahitajika, na bado hatoki kwa sababu hana mtu wa kumtoa.

Sasa twende getini. Saa za kuona wagonjwa pale tulipokuwa ni saa sita na nusu hadi saa nane mchana, kisha saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Ukifika saa kumi kasoro dakika tano unasimamishwa juani. Mfuko unafunguliwa, uji unanuswa, unaulizwa wewe ni nani wa mgonjwa kana kwamba umekuja kumwiba. Asubuhi ileile sista amekupigia simu, "Njoo na glavu, tumeishiwa." Unakuja mbio na glavu, soja, mlinzi wa geti, anakwambia saa haijafika. Unampigia sista, hashiki. Glavu zinasubiri getini, mgonjwa anasubiri juu, na wewe uko katikati umeshika boksi.

Najua kwa nini saa zinawekwa. Madaktari wanahitaji nafasi ya kupita vitandani, maambukizi yapo, wezi wapo. Februari 2025 mgonjwa alipatikana ameuawa kitandani mwake Kenyatta, na tangu hapo kila soja jijini ana jibu la kukupa ukiuliza kwa nini wamekaza. Sitaki geti liachwe wazi. Ninachokataa ni kuwa mfanyakazi ninapohitajika na mshukiwa ninapofika.

Usiku mmoja, ule wa baada ya upasuaji, nililala wodini. Nilimpa soja mia mbili ya chai. Andikeni hiyo pia. Usiku huo niliwahesabu: vitanda 32, wagonjwa 47, wengine wawili wawili kwa kitanda, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule. Wauguzi wawili. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye viatu vilivyokatwa nyuma ili visimbane, alikaa chini mara moja tu, saa tisa usiku, akala ndizi moja. Mchana yuleyule alikuwa amenifokea mbele ya watu kwa sababu niliuliza mara ya pili lini shangazi ataingia tiata. Nilikuwa nimemwekea kinyongo kikubwa. Saa tisa usiku kinyongo kikalegea, ingawa hakikuisha, na sidhani kilipaswa kuisha. Uchovu unaeleza ukali wake lakini mgonjwa wangu hakuuleta yeye.

Aliyetueleza mambo kwa upole, aliyechora nyonga nyuma ya karatasi ya kemisti akatuonyesha chuma kitakaa wapi, alikuwa daktari wa mafunzo, kijana mwenye macho mekundu kama ya dereva wa usiku. Hawa ndio waliozozaniwa katika mgomo wa madaktari wa siku 56 wa mwaka 2024. Mkataba wao na serikali wa 2017 unasema walipwe takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000. Wakati ule nilikuwa miongoni mwa waliosema hawa vijana wana tamaa. Sisemi tena.

Kinachonishangaza ni kwamba hospitali inajua sana kuwa jamaa wapo, ila inakumbuka siku mbili tu: siku ya kununua na siku ya kulipa. Shangazi aliruhusiwa kwenda nyumbani Jumanne. Tulitoka Ijumaa. Siku tatu hizo alikuwa mzima wa kutosha kutoka lakini hana karatasi ya getini, na kila siku ya kusubiri ikaongezwa kwenye bili. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani kwamba kumfungia mtu kwa sababu ya deni la matibabu ni kinyume cha Katiba. Miaka yote hiyo. Nilimtajia karani wa dirisha la malipo. Alinitazama kama mtu aliyetajiwa hali ya hewa ya Kisumu, akasema, "Mlete balansi, madam."

Ubao wa huduma ulikuwa nyuma yake, rangi ya buluu, maandishi meupe: huduma, mahitaji, gharama, muda. Muda wa kumruhusu mgonjwa kutoka, dakika 30. Tangu 2013 tunao pia mkataba wa kitaifa wa haki za wagonjwa, na Katiba katika Ibara ya 43 inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Oktoba 2015, miaka mitano baada ya Katiba hiyo, mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa jijini kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafa. Karatasi hatujawahi kukosa.

Kisa kinachonirudia zaidi ni kile kilichoripotiwa Machi 2018, wakati madaktari wa Kenyatta walipomfungua kichwa mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji, huku mwenye damu iliyoganda akiwa ni mwingine. Iliripotiwa kwamba majina yalichanganywa. Mkurugenzi akapewa likizo ya lazima, watu wakakasirika wiki mbili, tukaendelea. Mimi tangu nikae wodini nakisoma kisa kile kwa namna nyingine. Mgonjwa anayetetemeka kwa homa au aliyepoteza fahamu hawezi kusema yeye si yeye. Anayesema ni mtu wake. "Huyu ni shangazi yangu, anaumwa nyonga ya kushoto, si ya kulia." Asubuhi ya upasuaji nililisema hilo mara nne, kwa watu wanne. Wa nne alikasirika. Heri akasirike.

Kwa hivyo nikiulizwa nataka nini, sitaanza na mashine wala jengo jipya lenye utepe wa kukatwa na gavana. Kila mgonjwa anapolazwa, jamaa mmoja aandikishwe na apewe kadi ya kuingia kwa saa zinazoeleweka, afundishwe kwa nusu saa namna ya kumgeuza mgonjwa na kunawa mikono, na aambiwe wazi kipi ni chake na kipi ni cha muuguzi. Kuchora kadi ni kazi ya alasiri moja. Kisha faili ambazo hazina kadi zihesabiwe kila asubuhi. Hao ndio wa kulishwa na mhudumu kwa mkono, kijiko kwa kijiko, kabla toroli halijasukumwa mbele. Mtaniambia wahudumu hawatoshi. Sawa, lakini angalau tutajua ni wangapi wanaolala njaa mbele ya sahani. Hivi sasa hata idadi hiyo hatuna, maana mimi na wenzangu wenye vijiko tunaificha kila mchana.

Ijumaa tuliyotoka nilimwachia kijiko yule kijana aliyenisaidia kusukuma kitanda. Akasema sawa, atamlisha nyanya mpaka mamake atakapotoka. Mamake akatoka Jumapili, alinitumia ujumbe.

Jumatatu nikapika uji wa wimbi, nikautia kwenye themosi, nikapanda matatu. Nilifika saa sita na nusu kamili, safari hii hakuna wa kuniambia saa haijafika. Soja alikuwa yuleyule wa mia mbili. Akafungua daftari.

"Jina la mgonjwa?"

Nikafungua mdomo. Siku zote zile nilimlisha, nikamfuta mdomo, nikamkuna mgongo palipowasha ndani ya lile joto, na kila mara nilimwita nyanya kama ilivyo heshima, naye akaniita mwanangu. Hakuna siku niliyomuuliza jina.

"Yule nyanya wa kitanda cha dirishani," nikasema. "Amefungwa mikono."

"Madam," akasema, wala hakusema kwa ubaya, "hapa kila dirisha lina nyanya."

Nyuma yangu foleni ilikuwa inasukuma.