Nusu mfuko wa saruji mgongoni

Chukua nusu mfuko wa saruji, uubebe mgongoni, kisha uingie porini kwenye joto la Vietnam na bunduki, maji na chakula chako juu yake. Ndivyo alivyotakiwa kutembea askari wa redio wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 60. Redio yenyewe, PRC-77, haikuwa na neno. Balaa lilikuwa pacha wake, KY-38, kisanduku cha kusimba sauti, yaani kuivuruga ili asiyehusika asiielewe. Ukiviunganisha hivyo viwili kwa waya, na betri zake, mzigo unafika karibu kilo 25.

Wenzake wa kwenye magari walipewa KY-8, kisanduku cha kazi hiyohiyo, nayo ikawa inachemka mpaka wanaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Tena ukishawasha usimbaji, umbali wa kusikilizana unapungua. Wewe ungefanyaje? Nao walifanya hivyohivyo. Visanduku vingi vikabaki kambini, watu wakaongea wazi hewani, wakijitungia majina ya mafumbo ya vilima na vikosi na kuamini kwamba adui hataambulia kitu.

Desemba 20, 1969, Divisheni ya 1 ya askari wa miguu wa Marekani ilivamia maficho mkoani Binh Duong na kuwakamata wasikilizaji wa upande wa pili wakiwa kazini. Walikuwa na redio ndogo za transista na marundo ya karatasi zenye mazungumzo ya Wamarekani, yamenakiliwa kwa mkono, kwa Kiingereza safi.

Kila nikisoma tangazo la redio mpya ya kijeshi linalojisifu urefu wa ufunguo wake (namba ya siri ya kusimbia na kusimbulia), biti 256 na kadhalika, nawakumbuka wale jamaa na karatasi zao. Hawakuvunja usimbaji wa kisanduku chochote. Hawakuwa na haja.

Mimi si mwanajeshi. Riziki yangu ni redio kolu, kuzipanga masafa na kuzitengeneza kwa walinzi na madereva wa utalii. Lakini mafumbo ya hewani nayajua. Madereva wa mbugani hawasemi "simba" redioni, wanasema "sharubu", ili mgeni aliyekaa nyuma asianze kupiga kelele kabla hawajafika. (Huko simba anasimbwa kweli.) Siku ya kwanza fumbo linafanya kazi. Siku ya tatu mgeni akisikia "sharubu" anachukua kamera mwenyewe. Na huyo ni mtalii tu, aliyekuja kupumzika. Adui amekaa masikio wazi mchana na usiku, kalamu mkononi.

Utasema hayo ni ya zamani, siku hizi usimbaji uko ndani ya redio na hauna uzito. Ni kweli. Mzigo umehama mgongoni ukaja kwenye kidole gumba.

Mwaka 2011 Matt Blaze wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walitoa utafiti kuhusu redio za P25, aina ya redio za kidijitali zinazotumiwa na maofisa wa serikali ya Marekani wanaofuatilia wahalifu. Walisikiliza mawasiliano ya maofisa hao, wakakuta sehemu isiyo ndogo ya yanayodhaniwa kuwa yamesimbwa yanarushwa wazi, hadi majina ya watoa habari, na wanaoongea hawana habari. Sababu yake inaumiza kichwa. Kwenye redio waliyoichunguza, swichi ya usimbaji iko juu, karibu na kitufe cha chaneli, ikiwa na alama mbili: duara tupu, na duara lililokatwa kwa mstari. Ipi ni salama? Ningeulizwa mimi gizani, ningejibu duara tupu, maana kitu kikikatwa mstari tumezoea kuwa kimezimwa. Kumbe lililokatwa ndilo limesimbwa. Baya zaidi, aliyeweka swichi yake sawasawa anamsikia vizuri tu mwenzake anayeongea wazi, kwa hiyo hakuna wa kumshtua.

Kuna na suala la funguo. Wakubwa wanapenda zibadilishwe mara kwa mara, wakiona ndio umakini. Matokeo yake mmoja katika kundi la kumi anakosa ufunguo mpya, hasikii kitu, na wote kumi wanarudi kuongea wazi ili asiachwe nje. Blaze na wenzake walishauri funguo zikae muda mrefu zaidi. Wapo watakaouona ushauri huo kama uzembe. Mimi naona ni akili ya mtu aliyewahi kukaa na watumiaji.

Sisemi hesabu za usimbaji hazina maana. Julai 2023 watafiti wa Midnight Blue, Uholanzi, walianika TEA1, moja ya njia za usimbaji za TETRA, aina nyingine ya redio za kidijitali zilizosambaa kwa polisi na baadhi ya majeshi duniani. Kwa nje ufunguo wake ni biti 80. Kwa ndani unapunguzwa hadi 32, na kompyuta ya kawaida inaupata chini ya dakika moja. Fomula ilifichwa tangu miaka ya 90, ndiyo maana ugonjwa ulikaa humo muda wote huo. Hapo mnunuzi alidanganywa, basi.

Lakini kwa askari mmoja anayedanganywa na fomula, naamini wapo wengi wanaojifungulia mlango wenyewe kwa kuwa kitasa kinawasumbua.

Mwaka jana mwenye kampuni moja ya ulinzi aliniletea redio 14 za Kichina akitaka niwashe kigeuza sauti kilichomo, ule usimbaji wa bei poa unaopindua sauti tu. Nikawasha. Wiki haijaisha amerudi. Mlinzi wa geti la nyuma alikuwa na redio ya zamani isiyo na kigeuzi, wenzake anawasikia wakilia kama bata, naye hakuna anayemwelewa. Nikamwambia, bosi, nunua moja tu kama hizi, yameisha.

"Hapana fundi, wewe toa tu."

Nikazitoa zote. Mlinzi wa geti la nyuma alipigiwa kujaribu, akajibu, "Nawapata vizuri, ova."